Namna ya Kuiba Vitanzi Bila Kukamatwa

Mwenzangu mfumaji, sogea karibu. Jicho la mtu halihesabu. Mgeni akiingia sebuleni akakuta kitambaa chako cha kroshia kimetandikwa kwenye kochi, hataanza kuchunguza kama mzunguko wa tisa una vitanzi 54 au 53. Jicho linatafuta kitu kimoja tu: mahali makosa yalipokusanyika. Vitanzi viwili vya ziada vikikaa bega kwa bega, vitaonekana kabla mgeni hajaketi. Vitanzi hivyohivyo ukivitenganisha kwa shibiri moja, vitapita mbele ya mama mkwe, wifi na mashangazi wote wa ukoo, na hakuna atakayeguna.

Kuongeza na kupunguza vitanzi kwa nafasi sawa ni kazi ya kuficha. Unataka kofia ipanuke bila mtu kujua ilipanukia wapi. Unataka mkono wa sweta usinyae kuelekea kiganjani kana kwamba ulizaliwa hivyo. Anayeifanya kazi hii vizuri ni mwizi mstaarabu, nami nataka uwe mmoja wao, maana kazi nzuri zinaharibika kila siku kwa kukosa hesabu ya dakika mbili. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Weka sindano chini, shika kalamu

Kielelezo kitakuambia, "Ongeza vitanzi 14 kwa nafasi sawa," kisha kitanyamaza. Uongeze wapi, hakisemi. Aliyekiandika amekuachia mzigo wa hesabu akaenda zake. Tuseme sindano yako imefika kwenye vitanzi 78.

Mfumaji mwenye haraka huongeza popote mkono unapokumbuka. Anaongeza vitano mwanzoni, soga linanoga, anasahau, anafika karibu na mwisho na kugundua bado tisa. Anavirundika vyote tisa kwenye inchi chache zilizobaki. Kofia inaota nundu upande mmoja, na nundu hiyo hata pasi haiitoi.

Wewe gawanya. 78 kwa 14 ni 5, baki 8. Hiyo 5 ni ukubwa wa fungu dogo. Hiyo 8 ni idadi ya mafungu yatakayobeba kitanzi kimoja zaidi. Basi una mafungu 8 ya vitanzi sita na mafungu 6 ya vitanzi vitano. Hakiki: 48 na 30 ni 78. Ndani ya kila fungu, kitanzi cha mwisho kifume mara mbili kwenye tundu lilelile. Fungu la sita linakuwa saba, fungu la tano linakuwa sita, na ukizunguka hadi mwisho utakuwa na vitanzi 92 bila hata kimoja kupotea.

Je, baki inakuudhi? Ikimbie kwa akili. Ongeza 13 badala ya 14. 78 kwa 13 ni 6 kamili, kwa hiyo kila fungu lina vitanzi sita, na utamaliza ukiwa na 91. Kitanzi kimoja kati ya 92 ni upana wa punje ya mchele kwenye kofia nzima. Nani atakiona? Lakini kabla hujaiba, soma mstari unaofuata kwenye kielelezo. Kama unadai maua yanayokula vitanzi vinne vinne, 92 inagawanyika kwa nne na 91 haigawanyiki, na wizi wako utafichuka mzunguko mmoja mbele, ua la mwisho likikosa petali.

Hatua ya 2: Changanya mafungu

Umeshapata mafungu 8 makubwa na 6 madogo. Usiyapange makubwa yote kwanza, madogo baadaye. Ukifanya hivyo nusu ya kofia itatanuka taratibu na nusu nyingine haraka, na kofia itaegemea upande kama mtu anayesikiliza umbeya. Yapishanishe: 6, 5, 6, 5, 6, 5, 6, kisha 6, 5, 6, 5, 6, 5, 6. Katikati makubwa mawili yanagusana, na mwisho wa mzunguko unapokutana na mwanzo yanagusana tena. Sehemu hizo mbili ziko pande mbili zinazotazamana, kwa hiyo hata ile kasoro ndogo nayo imegawanywa sawa.

Kama unaona haya kutumia ujanja wa namna hii, jua kwamba kalenda imejengwa juu yake. Wanaanga wa Kiislamu waliotunga kalenda ya hijiria ya hesabu, ile inayokwenda kwa kanuni bila kungoja kuona mwezi, walikuwa na tatizo lako hasa. Mwaka wao una siku 354, lakini mwezi wa angani unadai nyongeza kidogo, na nyongeza hiyo inafika siku 11 katika kila miaka 30. Wangeweza kuzirundika siku zote 11 mwishoni, mwaka mmoja ukavimba na mwandamo ukawa umeshapotea miaka mingi kabla. Hawakufanya hivyo. Walizitawanya, na orodha yao iliyozoeleka inaongeza siku moja kwenye mwaka wa 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26 na 29.

Zisome tena namba hizo kama mfumaji. Kutoka 2 hadi 5 ni hatua tatu. Kutoka 5 hadi 7 ni mbili. Kisha tatu, tatu, tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, tatu, na kutoka 29 kurudi kwenye mwaka wa pili wa duru mpya ni tatu tena. Mafungu manane ya 3 na mafungu matatu ya 2, jumla 30. Ni kielelezo cha vitanzi 30 vya kuongeza 11. Ukiwahi kutakiwa kuongeza 11 kwenye 30, usigawanye chochote. Fuma kwa kufuata kalenda.

Hatua ya 3: Usiibe mlangoni

Kwenye kazi ya mzunguko mambo ni rahisi kwa sababu duara halina pembeni. Kwenye kazi ya kwenda na kurudi, kama mgongo wa sweta, kuna hatari. Ukifuata mafungu yako kama yalivyo, nyongeza ya mwisho itaangukia kitanzi cha mwisho kabisa cha mstari, pale ukingoni. Ukingo utapiga kona, na siku ya kushona ubavu sindano itakwama hapohapo.

Dawa yake ni kulikata fungu moja katikati. Nusu yake weka mwanzoni, nusu mwishoni. Una vitanzi 40, unataka kuongeza 5. Kila fungu ni vitanzi nane. Badala ya kufuma saba na kuongeza mara tano, fuma 3, ongeza kwenye cha nne. Kisha fuma 7 na uongeze kwenye cha nane, mara nne. Malizia kwa vitanzi 4 vitupu. Jumla ni 40, nyongeza ni 5, unatoka na 45, na kingo zote mbili zimenyooka.

Hatua ya 4: Kupunguza kuna mtego, uruke

Hapa ndipo wengi wanapokamatwa. Kuongeza hutumia kitanzi kimoja cha chini. Kupunguza hutumia viwili, kwa sababu unaviunganisha kuwa kimoja. Mtu anagawanya vizuri kabisa, anapata fungu la 7, kisha anaandika, "fuma 7, unganisha 2." Hilo ni fungu la tisa! Atafuma kwa furaha mpaka vitanzi vimwishie na mapunguzo bado mengi.

Turudishe ile kofia yetu kutoka 92 hadi 78. Tunapunguza 14. 92 kwa 14 ni 6, baki 8. Mafungu 8 ya vitanzi saba, mafungu 6 ya vitanzi sita. Ndani ya fungu la saba mnaishi vitanzi vitano vya kawaida na viwili vya kuunganishwa. Ndani ya fungu la sita, vinne na viwili. Ukiyatazama vizuri utaona ni mafungu yaleyale ya hatua ya kwanza, kila moja limenenepa kwa kimoja. Yule aliyeandika "fuma 7, unganisha 2" na "fuma 6, unganisha 2" angehitaji vitanzi 120 ili amalize mzunguko wake, naye ana 92.

Na sasa siri ya mkono. Punguzo la kawaida huacha kijitundu na kifundo kidogo, na kwenye mdoli au kofia iliyobana kifundo hicho huonekana kama chunusi. Tazama juu ya kazi yako kwa karibu. Kila kitanzi kilichokamilika kina umbo la V limelala, uzi mmoja mbele, mmoja nyuma. Ingiza ncha ya sindano chini ya uzi wa mbele wa V ya kwanza. Usivute chochote. Endelea moja kwa moja, ingiza tena chini ya uzi wa mbele wa V ya pili. Sasa chukua uzi, uvute upite chini ya zote mbili kwa pamoja, kisha malizia kitanzi kama kawaida. Zile nyuzi mbili za nyuma zimebaki ndani, hazionekani, na mbele pametulia kama hapakuguswa. Fanya hivyo mara kumi na nne kwenye kofia moja na hata mwenyewe utapata taabu kuyatafuta.

Hatua ya 5: Duara, yaani uwanja wa nyumbani

Kila mfumaji anajua kanuni ya sita: anza na vitanzi 6, kisha 12, 18, 24, 30, kila mzunguko nyongeza sita. Wachache wanajua kwa nini ni sita, na ukijua hutafungwa tena na kielelezo cha mtu.

Kumbuka ile 22/7 uliyokaririshwa darasani. Mzingo wa duara ni mara mbili ya 22/7 ukizidisha na nusu kipenyo. Kila mzunguko unaofuma unarefusha nusu kipenyo kwa kimo cha kitanzi kimoja. Basi mzingo unakua kwa vimo vya kitanzi sita na robo hivi. Kitanzi kifupi kina kimo kinachokaribia upana wake, kwa hiyo sita na robo ya vimo ni kama vitanzi sita. Kitanzi kirefu, kile cha kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, kina kimo cha karibu mara mbili ya upana, kwa hiyo kinadai 12 kila mzunguko. Cha kati huwa kinatosheka na nane au tisa, kutegemea mkono wako. Ile robo inayobaki tumeiiba, na uzi unajinyoosha kidogo na kuifidia. Namba sita yenyewe ni wizi ulioota mizizi, na mafundi wote wanaishi nao.

Tatizo la pili ni pembe. Ukiweka nyongeza sita mahali palepale kila mzunguko, zinapandana, na duara lako linageuka kuwa umbo la pembe sita. Kwa mkeka wa meza ni sawa, watu watadhani ulikusudia. Kwa kofia si sawa hata kidogo, kwa sababu kichwa hakina pembe.

Zisogeze. Mzunguko wa nne, unaokutoa 18 hadi 24, kwa kawaida husomeka: fuma 2, ongeza, mara sita. Wewe ufume hivi: fuma 1, ongeza. Kisha fuma 2, ongeza, mara tano. Malizia kwa kitanzi 1. Ni ule mkato wa fungu wa hatua ya tatu, umerudi kufanya kazi nyingine. Mzunguko wa tano ufume wa kawaida, wa sita uukate tena. Nyongeza zitakuwa zinapishana juu na chini kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi, na duara litakuwa duara.

Kofia ya mtoto mchanga uisimamishe wapi? Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kina mzingo wa kama sentimita 35. Gawanya kwa 22/7, unapata kipenyo cha sentimita 11 na kidogo. Acha kuongeza ukifika sentimita 10 au 10 na nusu, kwa sababu kroshia huvutika na kofia inayoshuka machoni mwa mtoto ni kero kwake. Kutoka hapo fuma mizunguko mitupu, isiyo na nyongeza, na kuta zitajishusha zenyewe.

Hatua ya 6: Kwa anayechukia kugawanya

Wapo wanaojua kufuma maua ya ajabu lakini wakiona alama ya kugawanya wanafunga kitabu. Nawaheshimu, na nina njia mbili kwa ajili yao.

Njia ya kwanza ni kukunja. Kunja kazi katikati, choma pini kwenye mkunjo. Kunja tena, choma. Una robo nne zilizo sawa bila kuhesabu kitu. Unataka kuongeza 12? Weka nyongeza tatu kila robo: moja katikati ya robo, nyingine mbili nusu ya njia kutoka katikati kwenda kwenye kila pini. Nafasi kwenye pini zitakuwa pana kuliko nyingine, lakini zimejirudia mara nne kwa mpangilio, na chochote kinachojirudia kwa mpangilio jicho hukikubali. Kama huna pini, vipande vya uzi wa rangi nyingine vinatosha.

Njia ya pili ni ya kujumlisha tu, nayo ni nzuri kiasi kwamba naipenda kuliko kugawanya. Rudi kwenye vitanzi 78 vya kuongeza 14. Anza na nusu ya 78, yaani 39. Kila kitanzi unachofuma, jumlisha 14. Jumla ikifika 78 au ikipita, ongeza papo hapo, kisha toa 78 na uendelee. 39 inakuwa 53, 67, 81: imepita, ongeza kwenye kitanzi cha tatu, toa 78, inabaki 3. Kisha 17, 31, 45, 59, 73, 87: ongeza kwenye kitanzi cha tisa, inabaki 9. Kisha 23, 37, 51, 65, 79: ongeza kwenye cha kumi na nne. Tazama kilichotokea. Fungu la kwanza limejikata nusu lenyewe, mafungu yanajipishanisha yenyewe sita na tano, na ukifika mwisho utakuta vitanzi viwili vitupu vinalinda ukingo. Hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zimefanyika na hukugawanya chochote.

Mwaka 1962, Jack Bresenham wa kampuni ya IBM alitumia mwenendo wa aina hii kuifundisha mashine ichore mstari wa mshazari. Mashine ilijua kwenda hatua nzima tu, na yeye alihitaji kuzitawanya hatua za kupanda juu ili mstari uonekane umenyooka. Aliuchapisha mwaka 1965, na kompyuta zimechora mistari kwa njia hiyo miaka mingi baadaye. Mistari ya mshazari ya kioo cha kompyuta ni ngazi ndogondogo zilizotawanywa vizuri. Nayo inaibia macho.

Ukitaka burudani, ipitishe njia hii kwenye ile kalenda. Anza na 15, jumlisha 11 kila mwaka, toa 30 ukifika. Utapata miaka ileile, isipokuwa mahali pamoja: mwaka wa 15 jumla inagonga 30 kamili. Je, uongeze hapo au ungoje ipite? Ndiyo maana ziko kalenda zinazoongeza siku mwaka wa 15 na nyingine mwaka wa 16.

Hatua ya 7: Umepungukiwa na kimoja, tulia

Umezunguka, umehesabu, una 91 na ulitaka 92. Usifumue. Kufumua mzunguko mzima kwa ajili ya kitanzi kimoja ni kujitesa, na uzi wa pamba ukifumuliwa na kufumwa tena hutoa manyoya.

Iba kimoja mzunguko unaofuata, lakini iba kwa kanuni. Kiweke mbali na nyongeza yoyote iliyo chini yake, katikati kabisa ya fungu lililo kubwa kuliko mengine. Kama ni sweta, chini ya kwapa ndipo pahala pake. Kama ni kofia, nyuma, karibu na pale mizunguko inapoungana, kwa kuwa pale kuna mshono tayari na jicho limeshazoea kutotarajia unyoofu. Ukiwa umezidisha kimoja, unganisha viwili kwa ile njia ya nyuzi za mbele, mahali palepale. Ukipungukiwa na viwili, usiviweke pamoja. Kimoja kwapa la kushoto, kingine la kulia.

Lakini wizi una mpaka. Ukikosa vitanzi vitatu au vinne kwenye mzunguko mmoja wa duara, umbo litasema hata kama jicho halihesabu. Duara lenye nyongeza chache hujikunja na kuinuka kama bakuli. Lenye nyongeza nyingi hupiga mawimbi ukingoni. Likianza kupiga mawimbi kidogo, fuma mzunguko mmoja mtupu na uone kama limetulia. Mara nyingi hutulia. Likiwa bado linaruka juu na chini, mwenzangu, fumua mizunguko miwili, unywe chai, urudi.

Au usifumue, ukazane kuelekea huko. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyataka mawimbi hayo kwa makusudi. Wanahisabati walikuwa na aina ya uso unaopanuka kila upande bila kutulia bapa, na walikuwa wakiutengeneza kwa vipande vya karatasi vilivyochanika mikononi mwa wanafunzi. Taimina alishika sindano ya kroshia na kanuni moja: ongeza kitanzi kimoja kila baada ya idadi ileile, mzunguko baada ya mzunguko, bila huruma. Jaribu mwenyewe. Anza na vitanzi 20 na uongeze kimoja kwenye kila cha tano. Mizunguko kumi baadaye umepita 110. Duara bapa la nyongeza sita, likianza na 20 hizohizo, lingekuwa na 80 tu. Vitanzi vyote hivyo vya ziada havina pa kukaa, vinapanda na kushuka, na mkononi una kitu kama lile tumbawe lenye mikunjo ambalo wapiga mbizi wa Mafia na Watamu wanalijua. Ndugu wawili pacha, Margaret na Christine Wertheim, walianza mwaka 2005 huko Los Angeles kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kanuni hiyo, na watu wa nchi nyingi wakajiunga nao.

Kwa hiyo kitambaa chako kikikataa kabisa kutulia, ongeza mara tatu zaidi ya ulivyokosea, kifume kwa uzi wa rangi ya waridi, kiweke kabatini nyuma ya kioo. Kosa la nusunusu ndilo linaloaibisha.

Hatua ya 8: Maji yanasamehe

Kazi ikikamilika usiikimbize kwa wifi ikiwa kavu na imekunjamana. Iloweshe maji, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze juu ya godoro lililofunikwa shuka safi, uinyooshe kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, na uchome pini kuzunguka ukingo wote. Iache ikauke yenyewe. Pamba ikikauka imenyooshwa hubaki ilivyo mpaka ufuaji unaofuata, na upungufu wa kitanzi kimoja au viwili unamezwa hapo. Uzi wa akriliki una tabia yake: usiuguse kwa pasi ya moto. Ukishaungua unalegea, haurudi tena, na kofia inakuwa tambara. Mvuke wa mbali, mkono mwepesi.

Siku ya kuionesha, itandike kwa namna ambayo pale ulipoiba panaangalia ukuta. Wifi atasema, "Wifi yangu, una mikono wewe! Ulihesabuje hizi?" Mjibu kwa uso mkavu, "Sabini na nane kwa kumi na nne, tano baki nane." Itakuwa kweli tupu, na hatauliza tena.

Hatua ya 9: Vitu vinavyokwenda viwili viwili

Nimekuambia jicho halihesabu. Lakini linalinganisha, na kwa hilo ni kali. Mikono miwili ya sweta, soksi mbili za mtoto, vitambaa vya mikono ya kochi: hapo hakuna pa kujificha, kwa kuwa mwenzake yuko pembeni anashuhudia.

Chukua mkono wa sweta unaofumwa kutoka kiganjani, vitanzi 36, kwenda begani, vitanzi 56. Nyongeza ni 20, na kila mstari wa kuongeza unachukua mbili, moja kila upande, kitanzi kimoja au viwili ndani ya ukingo. Ni mistari 10 ya kuongeza. Mkono una mistari 45. 45 kwa 10 ni 4, baki 5: mafungu matano ya mistari minne na matano ya mistari mitano, uyapishanishe ukianza na la minne, na uongeze kwenye mstari wa mwisho wa kila fungu. Hesabu ileile, sasa imesimama wima.

Ukiteleza kwenye mkono wa kwanza, ukaongeza mstari wa 23 badala ya wa 22, usijilaumu na usirekebishe. Andika. Kisha uteleze vilevile kwenye mkono wa pili, mstari wa 23, kwa makusudi. Kwa hiyo tangu kitanzi cha kwanza cha mkono wa kwanza weka karatasi pembeni na uandike kila nyongeza ilipoangukia, hata zile za wizi, hasa zile za wizi. Usitegemee kumbukumbu, maana kati ya mkono wa kwanza na wa pili kutapita msiba, harusi na mgonjwa wa kuuguza. Karatasi hiyo itie ndani ya mkoba wa nyuzi, pamoja na sindano uliyotumia, kwa sababu ukianza mkono wa pili kwa sindano ya milimita 4 ilhali wa kwanza ulifumwa kwa 4.5, hakuna hesabu itakayokuokoa. Karatasi usiitupe mpaka mikono yote miwili ishonewe kwenye mwili wa sweta.